Ngozi Yenye Magamba: Je, Tuuze Ng'ombe Tufuate Leza?



Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, wakati ule ambapo Mto Katuma unabaki madimbwi na viboko wanabanana kwenye tope karibu na daraja la Sitalike. Alinijia kijana mmoja wa hapo kijijini. Ni dereva wa bodaboda wa njia ya Mpanda, na mvua zikianza hulima mpunga. Pamoja na joto lile lote, alikuwa amevaa koti zito la mikono mirefu, limefungwa mpaka shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ukae. Koti la nini na jua hili?"

Hakujibu. Aliamka, akafunga mlango wa chumba, ndipo akavua. Viwiko vyote viwili vilikuwa na mabaka manene, yenye magamba meupe kama ukoko wa uji uliokauka sufuriani. Magoti vivyo hivyo, na kiunoni nyuma baka moja kubwa kama sahani. Kichwani magamba yalikuwa yameshuka hadi kwenye paji la uso. Alisema abiria wamekataa kuvaa helmeti yake. Kanisani hukaa benchi la mwisho, na inapofika wakati wa kutakiana amani hutoka nje kana kwamba anajibu simu.

Kisha akanionyesha simu yenyewe. Kulikuwa na tangazo la kliniki moja ya mjini, mbali sana na kwetu: picha ya mashine, mkono wenye mabaka, halafu mkono uleule ukiwa safi. Tangazo liliahidi kwamba kwa leza, vipindi vitatu tu, mtu anapona kabisa na ugonjwa haurudi tena. Nyumbani kwao wana maksai wawili wa kulimia. Baba yake alikuwa amekwisha kubali wauzwe. Mnunuzi angekuja Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumatano.

"Mama, nikienda nitapona?"

Swali lake ndilo limenifanya niandike ukurasa huu, kwa maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Ni ugonjwa gani huu?

Unaitwa soriasisi. Sisi huku hatuna jina lake maalumu, kwa hiyo kila mtu humpa mgonjwa jina analolijua: wengine husema ukurutu, wengine mapunye au mbalanga, na wenye ulimi mbaya husema ukoma. Si hata mojawapo ya hayo.

Kwa kawaida ngozi yetu hujifanya upya polepole. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda juu, na kudondoka baada ya wiki nne hivi bila sisi kuona. Kwa mwenye soriasisi kinga ya mwili imekosea njia, inaisukuma ngozi ifanye kazi hiyo kwa siku chache tu. Chembe hazipati muda wa kukomaa, zinarundikana, ndiyo maana ngozi inakuwa nene na kutoa magamba. Hakuna mdudu hapo. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kula sahani moja, wala kuvaa helmeti ya mwenzako. Mara nyingi huwa katika ukoo, lakini si lazima kila mtoto aupate.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua milioni 100 wanao. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya soriasisi, ukisema wazi kwamba ni ugonjwa wa kudumu, wenye maumivu na wa kuaibisha, na ambao bado haujapata dawa ya kuuondoa moja kwa moja. Shikeni neno hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalolikanusha lile tangazo la kwenye simu. Ugonjwa huu hutulizwa. Unaweza kutulia miezi, hata miaka, mpaka mtu akasahau. Lakini anayekuahidi kwamba hautarudi tena kamwe anataka maksai wako.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kitabu cha Walawi, sura ya 13, ambapo kuhani alipewa kazi ya kukagua ngozi za watu na kuamua nani atengwe. Wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba neno lililofasiriwa ukoma pale lilihusu magonjwa mengi ya ngozi, na huenda soriasisi ikiwamo. Ni watu wangapi walikaa nje ya kambi bila kuwa na ugonjwa wa kuambukiza! Huwa nawaza hivyo nikiona mtu ametengewa kikombe chake kwenye jumuiya ndogo ndogo.

Ili kuutofautisha na ukoma, sisi tunatumia kipande cha pamba. Baka la ukoma kwa kawaida limekufa ganzi: mgonjwa amefumba macho, ukimgusa hapo kwa pamba hasikii. Baka la soriasisi husikia vizuri, tena wengi linawawasha. Ukiona baka lisilosikia usikae nalo nyumbani, nenda kituoni upesi. Dawa za ukoma hutolewa bure na zinaponya.

Jambo lingine ni rangi. Vitabu vingi vya uuguzi tuliosomea vilikuwa na picha za ngozi ya Mzungu, na baka la soriasisi ni jekundu kama nyama mbichi. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani. Baka huwa la zambarau iliyofifia, au kijivu, au jeusi kuliko sehemu nyingine, na juu yake magamba meupe. Angalieni pia kucha: zikiwa na vitundu vidogo kama zimedungwa kwa sindano, au zinanyanyuka kutoka kwenye nyama, hiyo ni dalili. Na viungo vya vidole au magoti vikivimba na kukakamaa asubuhi, mwambie mhudumu wa afya, maana soriasisi huweza kuingia kwenye viungo na kuviharibu.

Niungame kosa langu. Nilipokuwa muuguzi mpya nilimtibu mama mmoja miezi mitano nikidhani ana mapunye. Nilimpa dawa ya Whitfield, akawa anarudi akisema imemsaidia kidogo, nami nikajisifu. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba ndani ya dawa ile kuna asidi ya salisiliki, ambayo hulainisha magamba yoyote yale, yawe ya mapunye au siyo. Magamba yalikuwa yanatoka, ugonjwa ukabaki palepale. Daktari aliyepita kutembelea hospitali alimtazama kucha tu, akasema, "Hii ni soriasisi." Tangu siku hiyo sianzi na baka, naanza na kucha.

Habari za leza

Sasa turudi kwenye mashine. Kijana wetu hakudanganywa kwa kila kitu. Leza ya soriasisi ipo, na inasaidia.

Matibabu kwa mwanga ni ya zamani. Mganga wa Denmark, Niels Finsen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga uliokusanywa. Mwaka 1925 daktari Goeckerman wa Marekani alieleza namna ya kuwapaka wenye soriasisi lami ya makaa ya mawe na kisha kuwamulika. Kilichogunduliwa pole pole ni kwamba si mwanga wote unaotibu. Ndani ya mwanga kuna miali tusiyoiona kwa macho, iitwayo urujuanimno, ileile inayotuunguza tukikaa juani. Sehemu ndogo ya miali hiyo, yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 311, hutuliza soriasisi bila kuunguza sana. Hospitali hutumia taa ndefu zinazotoa miali hiyo, zimepangwa ndani ya kabati; mgonjwa anasimama katikati amevaa miwani ya kukinga macho, dakika chache tu, mara tatu kwa wiki. Huchukua vipindi 20 mpaka 30 kabla mabaka hayajasafika.

Leza nayo hutoa miali ya jamii hiyohiyo, nanomita 308, itokanayo na gesi mbili, zenoni na klorini. Tofauti yake ni kwamba miali hutoka kwenye mdomo mdogo kama wa tochi na kupiga baka peke yake; ngozi nzima iliyo pembeni haiguswi. Kwa sababu hiyo mtaalamu anaweza kutumia nguvu kubwa zaidi, na vipindi vinapungua. Madaktari wa Szeged, Hungaria, walitoa taarifa ya kwanza ya kuitumia kwa soriasisi mwaka 1997, na Marekani iliiruhusu mwaka 2000.

Je, inafanya kazi kiasi gani? Uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 uliandikisha wagonjwa 124. Kati ya waliofuata utaratibu, 7 hivi katika kila 10 waliona mabaka yao yakisafika kwa robo tatu au zaidi, kwa wastani wa vipindi 6. Hiyo ni habari njema. Lakini tazameni upande wa pili: waliomaliza mpango wote, kati ya wale 124, walikuwa 80. Na hao ni watu wenye barabara na magari.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu na karatasi, tukapiga hesabu na yule kijana. Leza hufanywa mara mbili kwa wiki, na lazima zipite siku mbili baina ya kipindi na kipindi ili ngozi ipumzike. Vipindi 10 ni wiki tano. Nauli kutoka Sitalike hadi Mpanda, kutoka Mpanda hadi mjini. Chumba cha kulala wiki tano. Chakula wiki tano. Malipo ya leza yenyewe, kila kipindi. Bodaboda imesimama, na mvua zinaanza bila maksai. Alipoona jumla alinyamaza kimya muda mrefu, akaanza kulivaa koti lake.

Tena leza ni ya mtu mwenye mabaka machache, yasiyozidi sehemu moja katika kumi ya mwili. Kiganja cha mkono pamoja na vidole ni kama sehemu moja katika mia, kwa hiyo unaweza kujipima mwenyewe nyumbani: mabaka yako yakizidi viganja kumi, leza si yako, kabati la taa linafaa zaidi, au dawa za kumeza. Hutumika vizuri kwenye sehemu sugu kama viwiko, magoti na ngozi ya kichwa. Madhara yake ni kuungua, malengelenge, na weusi unaobaki pale ilipopiga, ambao kwetu sisi hukaa miezi kabla ya kufifia. Mtaalamu anayejua kazi yake hupima kwanza unene wa baka na aina ya ngozi, ndipo aamue nguvu ya miali.

Na jamani, leza si moja. Ipo ya kupiga mishipa midogo ya damu, ambayo wakati mwingine hujaribiwa kwa soriasisi. Ipo ya kuondoa nywele. Ipo ya kufuta chale za wino. Ipo ya kuchoma na kukata ngozi. Hizi za saluni za urembo hazitibu soriasisi. Ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, hata kwa mkwaruzo tu, ugonjwa huota kwenye jeraha lenyewe. Nao watu weusi tuna makovu ya kuvimba. Ukifika mahali wakakuambia wana leza, uliza: hii ni ya nanomita 308? Asiyeweza kukujibu, muage kwa heshima.

Jua letu, na dawa za karibu

Mungu ametupa miali hiyohiyo bure. Wagonjwa wengi huniambia mabaka yao hupungua wakijianika juani, na wana haki, isipokuwa wengi hufanya ovyo. Mtu anashinda uchi wa mgongo shambani, anaungua, na pale alipoungua baka jipya linatokea. Mwelekezo ninaowapa ni huu. Oga kwa maji ya uvuguvugu, sugua magamba taratibu kwa kitambaa laini. Paka mafuta kidogo tu, maana mafuta mazito huzuia miali. Funika uso na sehemu nzima, acha wazi mabaka. Kaa juani kuanzia saa 4 asubuhi, dakika 5 tu siku za kwanza, kisha ongeza dakika 2 kila baada ya siku chache, mara tatu au nne kwa wiki. Ngozi ikiuma au kuwasha kama imepigwa na moto, acha mpaka itulie. Baadaye paka mafuta ya mgando kwa wingi. Usiku ndipo mafuta yana kazi kubwa.

Wapo wasiopaswa kabisa kujianika: wenye ualbino, wenye ugonjwa wa lupasi, na anayetumia doksisaiklini au dawa nyingine inayofanya ngozi iungue upesi. Anayetumia dawa yoyote ya hospitali aulize kwanza.

Kwa dawa za kupaka, asidi ya salisiliki hulainisha magamba, na krimu ya betamethasoni hutuliza baka, lakini kwa muda atakaokupangia mhudumu tu. Usiipake usoni wala sehemu za siri. Akina mama, krimu ileile ndiyo mnayouziwa ndani ya mikorogo ya kujichubua, na mnajua inavyoacha ngozi kama karatasi.

Ugonjwa ukiwa umeenea, kuna vidonge vya methotreksati. Ni dawa nzuri na ya siku nyingi, lakini humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Chagueni siku, mseme Jumatano ni siku ya dawa, na mtu wa pili nyumbani aijue. Waliomeza kila siku kwa kukosea wamekufa. Haitolewi kwa mjamzito wala mama anayenyonyesha, pombe ni mwiko, na damu lazima ipimwe kuangalia ini.

Sasa kuna jambo linalonikera, nalo ni sindano na vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni vinavyotolewa kwenye maduka ya dawa kuwa ni "dawa ya mzio". Kwa soriasisi dawa hizi hufanya muujiza wa wiki mbili. Mabaka yanafutika, mgonjwa anafurahi, anasambaza sifa. Akiacha, ugonjwa unarudi na ndugu zake saba. Nimempokea baba mmoja usiku, ngozi ya mwili mzima imewaka na kumenyuka kama ya nyoka, anatetemeka kwa baridi huku ana homa, miguu imevimba. Alichomwa sindano hizo tatu kwa miezi miwili. Alikaa wodini wiki tatu na tulikaribia kumpoteza. Ukiona ngozi nzima imewaka namna hiyo, au imetoa vijipu vidogo vya usaha mwili mzima pamoja na homa, usisubiri kesho.

Sitasema mengi juu ya mafuta ya taa na maji ya betri. Yote mawili nimeyaona yakipakwa, na nimeyafunga vidonda vyake.

Soriasisi inayoanza ghafla kwa mtu mzima, tena kwa ukali, inatupa sababu ya kupima virusi vya UKIMWI. Siyo kwamba kila mwenye soriasisi anavyo, la hasha. Lakini mwenye navyo akianza dawa za kufubaza virusi, mara nyingi na ngozi hutulia. Kwa watoto na vijana mabaka madogo madogo kama matone huweza kufuata maambukizi ya koo. Pombe na sigara huongeza ukali, na zipo dawa zinazoweza kuuamsha: baadhi ya dawa za presha kama propranololi, dawa ya akili iitwayo lithiamu, na klorokwini tuliyokuwa tukimeza kwa malaria hadi mwaka 2001. Usiache dawa ya presha kwa kusoma hapa! Mwambie daktari aangalie nyingine.

Mtu akihitaji kwenda mbali

Anzia zahanati, uende hospitali, upate barua ya rufaa. Wataalamu wa ngozi wapo Bugando, Mwanza. Wapo Muhimbili, Dar es Salaam. Na KCMC, Moshi, ndipo kilipo Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichoanza mwaka 1992. Kituo hicho kimefundisha matabibu wengi wa nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wamerudi kufanya kazi mikoani. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi au treni ya Tabora, uliza hospitali ya mkoa hapa Mpanda kama kuna tabibu wa ngozi, au kama yupo atakayepita kliniki. Ukishapewa barua, piga simu kule unakoenda uulize mashine ya mwanga inafanya kazi wiki hii, vipindi vyangu vitakuwa vingapi, na bima yangu inalipa nini. Chukua orodha ya dawa zote ulizotumia, hata za kienyeji, bila kuficha. Na ukiwa na ndugu mjini anayeweza kukulaza wiki tano, basi hesabu inabadilika kabisa.

Yule kijana alimpigia mnunuzi palepale kwangu, akamwambia asije Jumamosi. Nilimpima, majibu yakawa mema. Tulianza na salisiliki, betamethasoni kwa wiki nne, na jua la saa 4 nyuma ya nyumba yao, mama yake akishika saa. Mvua zilipokolea alirudi bila koti. Kiunoni na magotini ngozi imelainika, limebaki doa jeusi. Viwiko vimekataa, vimepungua unene tu, na kichwa bado kinamsumbua. Tumemwandikia rufaa kwa tabibu wa ngozi baada ya mavuno, kwa kuwa viwiko viwili na kichwa ni mahali ambapo leza inaweza kweli kumfaa, na amekumbuka kwamba ana dada yake ameolewa Mwanza.

Nilimuuliza kuhusu kutakiana amani. Akacheka, akasema Jumapili iliyopita alibaki ndani, ila alimpa mkono mzee mmoja tu aliyekuwa karibu naye. Wengine wataanza lini, hilo nawaachia ninyi mnaosali naye.